Moshi Haupigi Hodi

Wahenga walisema, pafukapo moshi pana moto. Methali hiyo nimeifundisha darasani kwa zaidi ya miaka 30, na kila mwaka wanafunzi wangu waliandika maana yake kwa ufasaha: dalili ndogo huonyesha jambo kubwa. Niliwapa alama zao nikaendelea na methali nyingine. Sikuwahi kujiuliza kwamba methali hii ilitungwa kwa ajili ya watu walio macho. Haisemi lolote juu ya mtu aliyelala. Mtu aliyelala hauoni moshi, na pua yake nayo imelala pamoja naye. Wengi wanaokufa kwa moto usiku hawafikiwi kwanza na miale ya moto. Moshi ndio hutangulia, ukawafanya wasiamke tena. Jambo hili nililijua nikiwa na miaka 63, ndani ya nyumba yangu mwenyewe na kwa kosa langu mwenyewe. Ndiyo sababu ya kuandika kurasa hizi.

Nyumba yangu iko Ng'ambo, mjini Tabora. Nilianza kuijenga mwaka 1988, kwa mshahara wa mwalimu, na kila aliyewahi kujenga kwa mshahara wa aina hiyo anajua maana yake: mwaka huu msingi, mwaka ujao ukuta, mwaka mwingine hakuna kitu. Nilipokaribia kustaafu niliongeza vyumba sita uani, vitatu kila upande wa ukumbi mwembamba, nikawa nawapangisha wanafunzi wa vyuo. Kila dirisha nililitia nondo. Mwisho wa ukumbi niliweka geti la chuma, na kila usiku saa nne nililifunga kwa kufuli kubwa, ufunguo nikautia mfukoni. Wazazi walioleta binti zao walilitazama geti lile wakaridhika. Nami nililitazama nikajisikia baba wa watoto wa watu.

Nilipokuwa nafundisha historia niliwapeleka wanafunzi Kwihara kila mwaka, tukienda kwa miguu kutoka mjini, kuliona tembe ambamo David Livingstone na Henry Morton Stanley walikaa pamoja mwanzoni mwa mwaka 1872. Wageni huja kwa ajili ya Wazungu hao wawili. Mimi nilikuwa nawaambia vijana waiangalie nyumba yenyewe. Tembe ni nyumba ya udongo kuanzia chini hadi juu. Kuta zake ni nene, vyumba vimezunguka ua, na paa ni bapa, miti iliyopangwa kisha ikafunikwa udongo. Cheche inayoangukia juu ya udongo hufa. Katika nchi ambayo kiangazi chake hukausha nyasi miezi mingi mfululizo, na katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, ambako kila kambi ililala na moto wake, paa la udongo lilikuwa jambo la akili sana.

Kisha niliwasimulia habari za mwezi Agosti mwaka 1871. Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa vitani na Waarabu wa Unyanyembe. Watu wake waliingia Tabora, sehemu ya mji ikachomwa moto. Stanley, aliyekuwa Kwihara wakati huo, akatoboa matundu katika kuta za tembe ili bunduki zipitishwe, akangoja. Vijana walilipenda sana somo hilo. Walizigusa kuta zile nene na kukubaliana kwamba adui angepata taabu kuingia.

Nami nilirudi nyumbani nikafunga geti langu. Haikunijia hata siku moja kwamba nimejenga ngome dhidi ya adui wa nje tu, na kwamba yuko adui ambaye hahitaji kuingia kwa sababu amelala ndani pamoja nasi, kwenye soketi, kwenye jiko, kwenye mshumaa. Moshi haupigi hodi.

Mwanangu wa kwanza anaishi Leicester, Uingereza. Siku moja katika simu alinieleza kwamba mwenye nyumba wake amepita kukagua kengele za moshi. Huko, tangu Oktoba 2015, sheria inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha aweke kengele ya moshi katika kila ghorofa wanamoishi watu, tena aijaribu na kuhakikisha inalia siku mpangaji anapoingia. Akiamriwa aiweke na asifanye hivyo, halmashauri inaweza kumtoza faini inayofika pauni 5,000. Nilicheka. Nikamwambia, "Kwa hiyo Mzungu anaogopa moshi kiasi hicho? Aje Tabora aone mama yako anavyopika."

Yeye hakucheka. Alisema, "Baba, na wewe ni mwenye nyumba. Unao wapangaji sita."

Alipokuja likizo mwaka 2017 aliniletea mbili. Zilikuwa visahani vyeupe vya plastiki, vyepesi, vya kuenea kiganjani. Fundi aliyekuja kuzifunga aliuliza kama ni ving'amuzi vya televisheni. Mwanangu akamfungulia moja akatueleza. Ndani mna chumba kidogo cha giza chenye mwali wa nuru unaopita bila kugusa jicho la mtambo. Moshi ukiingia, chembe zake huutawanya mwali ule, nuru ikaliangukia jicho, na hapo hapo king'ora kikalia. Hakuna uchawi. Tukafunga moja katika ukumbi wa wapangaji na nyingine katika nyumba kubwa. Akabonyeza kitufe cha kujaribia. Mbwa wa jirani wakabweka mtaa mzima. Akanisisitizia mambo mawili: nibonyeze kitufe kila mwezi, na betri zikiisha nibadili siku hiyo hiyo. Kisha akaondoka.

Masika ilipoanza nilianza kuichukia kengele ile ya ukumbini. Mvua ikinyesha, wapangaji waliingiza majiko ya mkaa ukumbini, nayo ikalia. Binti akikaanga maandazi, inalia. Siku moja ililia saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ya kijana aliyechemsha chai. Baada ya miezi kadhaa ikaanza tabia nyingine: kila baada ya muda mfupi ilitoa mlio mmoja mfupi, kama kifaranga aliyepotea. Ilikuwa inadai betri mpya. Mlio huo ulinikera kwa siku tatu. Siku ya nne nilipanda juu ya kiti, nikaifungua, nikazitoa betri zake mbili. Zilikuwa hazijaisha kabisa. Nikazitia katika redio yangu ndogo, na jioni ile nikasikiliza taarifa ya habari kwa utulivu. Kisahani nilikirudisha mahali pake. Aliyetazama juu aliona kengele ya moshi.

Mwezi Novemba mwaka 2018 umeme ulikatika jioni moja wakati mvua za kwanza zinaanza. Binti mmoja wa chumba cha mwisho alikuwa anapiga pasi nguo zake za kuvaa chuoni asubuhi. Giza lilipoingia aliiacha pasi juu ya nguo, kando ya godoro, akajilaza kidogo asubiri umeme urudi. Usingizi ukamchukua. Umeme ulirudi usiku wa manane, kila mtu amelala. Pasi ilikuwa bado imechomekwa.

Mimi niliamshwa na kishindo. Vijana walikuwa wanalipiga geti kwa miguu na mikono wakiniita, "Babu! Babu, ufunguo!" Niliruka kitandani nikaingiza mkono katika mfuko wa suruali. Haukuwamo. Suruali niliyovaa mchana ilikuwa imelowa mvua, mke wangu ameianika sehemu nyingine. Tukaitafuta gizani, kwa maana kwa wakati huo umeme wa nyumba nzima ulikwisha zimika tena. Sijui zilipita dakika ngapi. Najua tu kwamba niliwasikia watoto wa watu wakikohoa nyuma ya geti nililolijenga kuwalinda, na kila nilipoinua nguo moja nilikuta si yenyewe.

Nilipofungua, watano walitoka wakiwa wameinama, weusi kwa masizi. Wa sita alikuwa bado chumbani, mlango umekomewa kwa ndani. Vijana wawili walirudi, wakauvunja kwa mtwangio wa kinu cha mke wangu, wakamburuta nje. Alikuwa hana fahamu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeungua kuanzia begani hadi kiganjani. Godoro la sponji lilikuwa limetoa moshi mzito kuliko moto wenyewe. Tulizima swichi kuu, tukamwaga mchanga, kisha maji. Bajaji ikampeleka hospitali. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba ipo namba ya simu, 114, ambayo ukiipiga unawapata watu wa zimamoto bila malipo.

Alipona. Naliandika hili mapema ili msomaji asiumie kama nilivyoumia mimi siku zile mbili kabla hajafungua macho.

Baba yake alikuja siku iliyofuata kwa basi la asubuhi kutoka Urambo, kama kilomita 90 magharibi ya Tabora. Ni mkulima wa tumbaku, mtu mwembamba, mpole wa sauti. Alitoka hospitali moja kwa moja hadi kwangu. Nilimlaki mlangoni, akanisalimu kwa heshima zote, "Shikamoo, mwalimu," ingawa hatukupishana sana kwa miaka. Salamu ile ilinichoma kuliko kama angenitukana. Akaomba aone chumba. Tulipokuwa tunarudi ukumbini alisimama, akatazama juu.

"Hiki ni kitu gani, mwalimu?"

Nikamwambia ni kengele ya moshi.

"Ililia?"

Ndugu msomaji, ningeweza kusema iliharibika. Nani angejua? Lakini redio ilikuwa mezani kwangu, mlango uko wazi, na ilikuwa inasema. Nikamwambia kweli: nilitoa betri nikatia kwenye redio.

Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kama nimewahi kuliona bani la tumbaku likiwa na moto. Nikasema nimeliona kwa mbali. Akanieleza, bila haraka, kama anayemfundisha mtoto. Tumbaku ya mvuke hutundikwa ndani ya bani, moto wa kuni ukawashwa nje, joto likapita katika mabomba ya bati yaliyolala chini ya majani. Kazi hiyo huchukua kama juma zima, na moto hauruhusiwi kupungua wala kuzidi. Jani moja kavu likianguka juu ya bomba lenye moto mkali, bani lote linaweza kuteketea pamoja na jasho la mwaka. Kwa hiyo mtu hulala pale pale kando ya bani. Yeye na wanawe hupokezana zamu. Binti huyu aliyeko hospitali, alisema, amelala kando ya bani tangu akiwa na miaka tisa, na hajawahi kuliacha likaungua.

"Sisi tunakesha kwa ajili ya majani, mwalimu," akasema. "Huku nilijua wewe ndiye unayekesha."

Hakusema zaidi. Alikunywa maji, akarudi hospitali.

Nimefikiri sana juu ya maneno yale. Maisha yangu yote nimeichukulia sheria kama jambo lililo kati yangu na serikali. Mkaguzi akija, nina haja na sheria, asipokuja, sina. Nchi yetu inayo Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, inayolipa jeshi hilo mamlaka ya kukagua majengo na kutoa vyeti vya usalama wa moto. Kwangu hakuja mkaguzi, wala mimi sikumtafuta. Kisahani kile cheupe nilikiacha darini kwa sababu ya macho ya watu. Nilikuwa nimetii sheria ya nchi ya mwanangu kwa umbo lake, nikaitoa roho yake nikaiweka kwenye redio. Nadhani wengi wetu hutii hivyo. Mtungi wa kuzimia moto uko ukutani, lakini mshale wake unaonyesha umeisha. Mlango wa dharura upo, lakini nyuma yake yamepangwa magunia ya mchele.

Kumbe sheria ya namna hii haiko kati ya mwenye nyumba na serikali. Iko kati ya mwenye nyumba na mtu aliyelala. Aliyelala hawezi kukagua chochote. Amefumba macho yake kwa sababu anaamini kwamba mwingine ameyafumbua.

Nasi katika Afrika Mashariki tumelipa sana kwa ajili ya watoto waliolala. Mwezi Juni mwaka 1994, katika shule ya sekondari ya wasichana Shauritanga, Kilimanjaro, bweni liliungua na zaidi ya wasichana 40 wakafa. Mwezi Machi 2001 huko Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, wavulana 67 waliteketea katika bweni lenye nondo madirishani na mlango mmoja uliofungwa. Mwezi Agosti 2009, Idodi, Iringa, tuliwazika wasichana 12. Mimi nilikuwa mwalimu miaka yote hiyo. Kila mara tulisimama kimya mstarini asubuhi, tukawaombea. Kisha jioni nilirudi nyumbani, na nondo zangu mwenyewe sikuzitazama.

Baada ya tukio lile nilikwenda mwenyewe kwa watu wa zimamoto hapa mjini, nikawaomba waje. Alikuja askari kijana. Hakuanza na kengele wala mitungi. Alisimama katikati ya ukumbi, akaniuliza, "Mzee, ni saa nane usiku, moshi umejaa hapa, huoni mkono wako. Unatokaje?" Nikatembea, nikagonga geti. Akasema, "Basi tuanzie hapo."

Tulianzia hapo. Kufuli nimeliondoa, sasa geti lina komeo ambalo aliye ndani hulifungua bila ufunguo. Katika kila chumba nondo za dirisha moja zimetiwa bawaba, zinafunguka kwa ndani. Fundi wa kuchomelea alilalamika kwamba wezi watafurahi. Nikamwambia mwizi nitampa redio. Kengele sasa ni nne. Ile ya ukumbini tuliisogeza mbali na mahali pa kupikia, na wapangaji nimewajengea banda la jiko nje, kwa maana kosa halikuwa la kengele kulia. Kosa lilikuwa langu kuwapikisha watu pale wanapolala. Jikoni kwangu imewekwa ya aina nyingine, inayosikia joto badala ya moshi, hivyo mke wangu hukaanga samaki wake kwa amani. Kila kengele ina tarehe niliyoiandika kwa kalamu ya wino, kwa sababu baada ya miaka kumi hivi mtambo wenyewe huchakaa hata kama betri ni mpya.

Askari yule alinionya pia juu ya jambo ambalo kengele ya moshi hailiwezi. Mwezi Juni na Julai usiku wa Tabora huwa na baridi, na watu huingiza chumbani jiko la mkaa lenye moto wakafunga madirisha. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi, ila hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Kengele ya moshi itakaa kimya, na waliolala hawataamka. Ipo kengele yake maalumu, lakini dawa ya kwanza ni kuliacha jiko nje na kuongeza blanketi.

Mambo haya yaligharimu fedha, sitaficha. Kodi ya miezi kadhaa iliishia humo. Lakini geti lisilo na kufuli halikunigharimu kitu zaidi ya komeo, na kujua 114 hakunigharimu hata senti. Ningeweza kuyafanya hayo tangu mwanzo.

Kila tarehe mosi, baada ya chai ya asubuhi, wajukuu hugombania kupanda juu ya kiti na kubonyeza kitufe. Mbwa wa jirani hubweka. Majirani walikuwa wakinung'unika. Sasa wawili kati yao wameniomba mwanangu awaletee za kwao. Mpangaji mpya akiingia namwonyesha choo, bomba na komeo la geti, kisha nambonyezea kengele aisikie. Wengine hucheka kama nilivyocheka mimi.

Yule binti alimaliza chuo, anafanya kazi mkoa mwingine. Mkono wake una kovu, na vidole viwili havikunjiki vizuri. Hajawahi kunilaumu. Baba yake naye hajawahi, na msimu wa tumbaku ukiisha huniletea kuku. Lakini binti hunipigia simu kila baada ya miezi kadhaa, na baada ya "Shikamoo, babu" na habari za nyumbani huniuliza, kana kwamba anauliza habari za mgonjwa, "Na betri zimo?"

Huwa simjibu mpaka nimekwenda ukumbini nikaangalia.